Bustani za Kasri la Versailles: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamepangwa kuanzia yale ya kwanza kabisa hadi yale ya wadadisi. Yamepewa namba ili swali moja liweze kukurejesha kwenye jingine. Ukiwa na haraka, soma sehemu ya maji kwanza: kwa maoni yetu ndiyo inayofafanua karibu mambo yote mengine.

## Mambo ya msingi

1. Versailles iko wapi, na bustani zake zina ukubwa gani?

Ni mji ulio karibu kilomita 20 kusini-magharibi ya katikati ya Paris, Ufaransa. Watu hutaja ukubwa tofauti kwa sababu wanachanganya vitu vitatu. Kuna bustani zenyewe, yaani eneo lenye sanamu, chemchemi na njia za changarawe, ambalo halifiki hekta 100. Kuna hifadhi inayozunguka Mfereji Mkuu pamoja na makasri madogo ya Trianon. Halafu kuna eneo lote linalosimamiwa leo, ambalo linapita hekta 800. Enzi za mfalme Louis XIV wa Ufaransa palikuwa pia na msitu wa kuwindia uliozungushiwa ukuta wa kilomita 43, na sehemu kubwa ya msitu huo sasa ni mashamba na miji.

Bustani na kasri ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1979.

2. Nani alizijenga, na lini?

Jibu fupi ni Louis XIV na mtunza bustani wake André Le Nôtre (1613–1700), kuanzia mwaka 1661. Jibu hilo linawadhulumu wengi. Kabla ya hapo Louis XIII, baba yake Louis XIV, alijenga nyumba ya kuwindia mwaka 1623, akaipanua kuanzia 1631, na bustani ya kwanza ilichorwa wakati huo na Jacques Boyceau. Le Nôtre hakuanza kwenye uwanja mtupu: mhimili wa mashariki-magharibi na hata birika ambalo baadaye lilikuwa la Apollo vilikuwapo.

Chini ya Louis XIV, Le Nôtre alipanga ardhi na miti. Charles Le Brun alichora sanamu, Louis Le Vau na baadaye Jules Hardouin-Mansart wakajenga, na ukoo wa Francine, mafundi wa chemchemi wenye asili ya Italia, wakaleta maji. Colbert, aliyesimamia majengo ya mfalme kuanzia 1664, alitafuta fedha na kulalamikia gharama. Udongo wenyewe ulihamishwa na vibarua na askari, kwa majembe na vikapu.

3. Ni kweli zilianza kwa wivu?

Kwa kiasi. Tarehe 17 Agosti 1661 Nicolas Fouquet, waziri wa fedha, alimwandalia mfalme karamu kwenye kasri lake jipya la Vaux-le-Vicomte. Le Vau, Le Brun na Le Nôtre ndio walioliumba. Siku 19 baadaye, tarehe 5 Septemba, Fouquet alikamatwa, akafia gerezani. Mfalme aliwachukua wale mafundi watatu, na hata michungwa ya Vaux ikahamishiwa Versailles.

Lakini kukamatwa huko kulikuwa kumepangwa kabla ya karamu, kwa sababu za kisiasa na za fedha. Karamu iliongeza chumvi tu.

4. Kwa nini alichagua mahali pasipo na mto?

Kwa sababu palikuwa pa baba yake, na palikuwa pazuri kwa uwindaji. Kasri limekaa juu ya kilima kidogo, na mabonde yanayolizunguka yalikuwa vinamasi. Maji yalikuwapo, ila chini, machafu na machache. Mto Seine uko mbali upande wa kaskazini, tena kwenye bonde la chini zaidi. Kosa la mahali, ukipenda kuliita kosa, liligharimu kazi ya karibu nusu karne: tazama maswali ya 9 hadi 12.

## Mpangilio

5. Niisomeje ramani bila kupotea?

Simama kwenye kibaraza nyuma ya kasri, mgongo wako ukiwa kwenye Ukumbi wa Vioo, na utazame magharibi. Kila kitu kimening'inizwa kwenye mstari ulio mbele yako: mabirika mawili ya Parterre d'Eau (1683–1685) yenye sanamu za bronzi za mito ya Ufaransa, ngazi, birika la Latona, zulia la nyasi lenye urefu wa mita 335, birika la Apollo, kisha Mfereji Mkuu hadi upeo wa macho.

Mstari wa pili unakata wa kwanza hapo kibarazani. Upande wa kaskazini unateremka hadi mabirika ya Joka na Neptune, upande wa kusini hadi Oranjeri (nyumba ya kukinga michungwa na baridi) na ziwa la Waswisi, lililochimbwa kati ya 1679 na 1682 na askari wa Uswisi mahali palipokuwa na kinamasi. Ukishika mistari hiyo miwili, mabirika manne ya majira, yaani Flora, Ceres, Bacchus na Saturn, yatakuwa alama zako za njia panda ndani ya miti.

6. Mbona Mfereji Mkuu unaonekana karibu, lakini ukitembea hufiki?

Ni ufundi wa Le Nôtre. Kitu cha mbali kwa kawaida huonekana kidogo na kifupi, naye alivifanya vitu vya mbali kuwa vikubwa zaidi ili jicho lidanganyike. Mfereji, uliochimbwa kuanzia 1668 hadi 1679, una urefu wa mita 1,670 na upana wa mita 62, na kwenye ncha zake umepanuliwa kuwa mabwawa. Ukiutazama kutoka kibarazani, upanuzi wa mwisho unaliminya lile umbo refu hadi unadhani ni dimbwi lililo jirani.

Kutoka kasri hadi Apollo ni karibu kilomita moja kwa miguu, na kurudi ni kupanda. Wageni wengi husahau nusu hiyo ya pili.

Mfereji una kazi nyingine isiyotajwa sana: uko mahali pa chini kuliko pote, kwa hiyo unapokea maji yanayotoka kwenye chemchemi na unakausha kinamasi cha zamani. Pambo ni kazi yake ya pili.

7. Bosketi ni nini?

Ni chumba ndani ya msitu. Kuta zake ni uzio wa miti iliyokatwa wima, sakafu ni changarawe au nyasi, dari ni mbingu, na katikati kuna kitu cha kushangaza. Kutoka njia kuu huoni kitu ila ukuta wa majani. Unapinda mara moja, ghafla uko ndani. Aliyewahi kupita kwenye kichochoro kati ya michongoma mirefu kisha akaibukia kwenye uwanja wa nyumba anaijua hisia hiyo.

Bosketi ya Enceladus (1675–1677) ina jitu la madini ya risasi lililofukiwa na mawe, likirusha maji kinywani. Ile ya Nguzo, iliyojengwa na Hardouin-Mansart mwaka 1685, ni duara la nguzo 32 za marumaru, na Le Nôtre hakuificha kero yake kwamba kazi ya bustani amepewa mwashi. Ukumbi wa Dansi (1680–1683) una ngazi za maji zilizopambwa kwa makombe ya baharini. Tazama swali la 18. Bosketi ya Uwanja wa Maji ilikuwa imepotea kabisa, ikabuniwa upya na mbunifu wa bustani Louis Benech pamoja na msanii Jean-Michel Othoniel, na ikafunguliwa mwaka 2015. Wapo wanaoipenda na wapo wanaoiona kama mgeni aliyeketi kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Lililoondoka lisirudi ni Fumbo la Njia: vichochoro vya kupotezana vyenye chemchemi 39, kila moja ikionyesha ngano ya Aesop kwa wanyama wa risasi waliopakwa rangi. Wanyama walirushiana maji kana kwamba wanajibizana. Lilibomolewa mwaka 1775 kwa sababu matengenezo yake yaliwashinda, na mahali pake ikaja Bosketi ya Malkia.

8. Sanamu zinasema nini?

Zinamzungumzia Apollo, mungu wa jua wa Wagiriki, kwa kuwa Louis XIV alijifananisha na jua. Latona ni mama yake Apollo. Kwenye hadithi, wakulima walimzuia kunywa maji, wakageuzwa vyura. Tazama birika lake kwa makini: wapo waliokwisha kuwa vyura, na wapo walio nusu mtu nusu chura. Kazi ya kwanza ya ndugu wa ukoo wa Marsy (1668–1670) ilimweka Latona akitazama kasri; Hardouin-Mansart akampandisha juu ya ngazi za marumaru kati ya 1687 na 1689 na kumgeuza atazame mfereji.

Apollo wa Jean-Baptiste Tuby (1668–1671), akiwa na gari na farasi, anachomoza majini akielekea mashariki, kwenye kasri. Wengi huuliza kama ni kosa, maana jua huenda magharibi. Ukikaa kwenye madirisha ya mfalme utaona kwamba linamjia yeye. Hatuoni kosa hapo.

Mwaka 1674 iliagizwa seti ya sanamu 24 za marumaru katika makundi ya manne manne: majira, elementi, tabia za binadamu, aina za ushairi, nyakati za siku na mabara ya dunia. Mpango huo ulivurugwa baadaye sanamu zilipohamishwa huku na huko, ndiyo maana leo huwezi kuzifuata kwa utaratibu.

## Maji

9. Maji ya mwanzo yalitoka wapi?

Kutoka bwawa la Clagny, kaskazini mwa kasri. Pampu iliyozungushwa na farasi ilipandisha maji hadi kwenye mnara, nayo yakashuka kwa uzito wake. Baadaye vikaongezwa vinu vya upepo, kisha mto mdogo wa Bièvre ukaunganishwa kwa pampu. Kila maji yalipoongezeka, mfalme aliagiza chemchemi zaidi, na upungufu ukabaki palepale.

Suluhisho lililofaa kuliko yote ndilo lisilo na sifa: mtandao wa mabwawa na mitaro kwenye nyanda za juu za Saclay na Trappes, ambako maji ya mvua yalikingwa na kuteremshwa taratibu kwa mteremko mdogo sana. Bwawa la Saint-Quentin lingali pale.

10. Mashine ya Marly ilifanyaje kazi, na ilishindwa wapi?

Ilijengwa kwenye mto Seine kati ya 1681 na 1684 na mafundi wa Liège, Arnold de Ville na Rennequin Sualem. Magurudumu 14 ya maji, kila moja lenye kipenyo cha karibu mita 12, yaliendesha pampu zaidi ya 200. Maji yalipaswa kupanda zaidi ya mita 150, na hakuna pampu ya wakati ule iliyoweza kuyafikisha huko kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo yalipandishwa kwa vituo vitatu: kutoka mtoni hadi hodhi ya kwanza mlimani, kutoka hapo hadi ya pili, halafu hadi kwenye mfereji wa matao wa Louveciennes.

Pampu za vituo vya juu ziliendeshwa na magurudumu yaleyale ya mtoni, kupitia mikono mirefu ya chuma na mbao iliyopanda kilima ikivutana mbele na nyuma. Hapo ndipo ubovu ulipokaa. Kila kiungo kilikula nguvu kwa msuguano, kilipiga kelele iliyosikika mbali, na kilihitaji grisi na fundi. Mbao zilivimba na kupasuka, ngozi za kuzibia pampu ziliisha, na wakati wa baridi barafu ilisimamisha magurudumu. Watu wapatao 60 walikuwa kazini kuirekebisha tu. Na maji iliyoyapandisha kwa shida hivyo, sehemu kubwa yaliishia kwenye kasri jingine la mfalme, Marly. Ilisimamishwa mwaka 1817.

11. Na mpango wa mto Eure?

Mwaka 1685 iliamuliwa kuleta mto mzima. Vauban, mhandisi wa ngome, alipewa kazi ya kuchimba mfereji na kujenga daraja la matao kuvuka bonde la Maintenon. Askari hadi 30,000 waliwekwa kazini, na homa za vinamasi ziliwaua wengi. Vita vilipoanza mwaka 1688 askari waliitwa, na kazi haikurudiwa. Matao yaliyobaki yanaonekana hadi leo kwenye bustani ya kasri la Maintenon. Tone moja la Eure halikuwahi kufika Versailles.

12. Chemchemi inarushaje maji juu bila pampu?

Kwa uzito wa maji yaliyo juu. Hodhi ikiwa mita 10 juu ya tundu la kurushia, maji hutoka kwa kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde, na bila hasara yangepanda karibu mita 10. Hasara ipo daima: msuguano ndani ya bomba, kona, na hewa. Bomba refu na jembamba ndilo adui mkubwa. Kwa kiasi kilekile cha maji, ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu, msuguano huongezeka takriban mara 30.

Tundu nalo lina hesabu yake. Kwa kimo hichohicho cha mita 10, tundu la milimita 20 linamwaga karibu lita 4.4 kwa sekunde. Tangi la lita 1,000, kama yale yanayowekwa juu ya nyumba zetu, lingekauka kabla ya dakika 4. Tundu la milimita 30 linakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Sasa piga picha ya mirusho 1,400, ndiyo idadi inayotajwa kwa enzi za Louis XIV, na utaelewa kwa nini haikuwezekana kuifungulia yote pamoja kwa muda mrefu.

Mabomba ni ya chuma cha kusubu, vipande vya karibu mita moja vyenye kingo pana zilizofungwa kwa bolti, na kati yake kizibo laini. Kila bolti ni mahali pa kuvuja, lakini kipande kibovu hutolewa peke yake bila kuvunja mstari. Sehemu kubwa ya mtandao wa karibu kilomita 35 bado ni ile ya karne ya 17.

13. Ni kweli mafundi walipigiana miluzi mfalme akipita?

Ndiyo. Chemchemi zilizoonekana kutoka madirishani zilipewa kipaumbele ziendelee kucheza. Nyingine zilifunguliwa mfalme alipokaribia na kufungwa alipokwisha pita, na vijana waliowekwa njiani walitoa ishara kwa miluzi. Watu hulisimulia hili kama kichekesho. Kwa fundi ni mgao wa maji, kama ule tunaoujua mtaani kwetu, ila ratiba yake ilikuwa mtu mmoja anayetembea.

14. Siku hizi zinaendeshwaje?

Chemchemi karibu 50 zenye mirusho zaidi ya 600 zingali zinafanya kazi kwa mteremko. Maji yanayotumika hushuka hadi Mfereji Mkuu, kisha pampu za kisasa huyarudisha kwenye hodhi. Valvu nyingi hufunguliwa kwa mkono, kwa ufunguo mrefu wa chuma unaoshuka ardhini.

Ufunguo huzungushwa polepole. Ukifungua au kufunga kwa ghafla, maji yanayokwenda kasi hugonga kama nyundo na kupasua bomba la miaka 300. Matatizo ya kila siku ni majani yanayoziba matundu, chokaa inayojijenga ndani, na hewa iliyonaswa kwenye kona za juu, ambayo hufanya mrusho ukohoe badala ya kusimama. Mrusho wa Joka, unaofika mita 27, ndio wa kwanza kuonyesha kama kuna kasoro.

## Miti, maua na mboga

15. Michungwa inaishije kwenye baridi ya Ufaransa?

Mingi ni midanzi, si michungwa ya kula. Pamoja na milimau, mitende, mioleanda na mikomamanga, inafika zaidi ya miti 1,000, na baadhi ina umri wa zaidi ya miaka 200. Hukaa kwenye masanduku na kuhamishwa mara mbili kwa mwaka: hutoka katikati ya Mei, hurudi ndani katikati ya Oktoba.

Oranjeri ya Hardouin-Mansart (1684–1686) imechimbwa chini ya kibaraza, ikitazama kusini. Ukumbi wa kati una urefu wa mita 155 na kimo cha zaidi ya mita 13. Kuta ni nene mita kadhaa, madirisha ni ya vioo viwili viwili, na udongo wa juu ni blanketi. Bila jiko, joto halishuki kufikia baridi ya kugandisha.

Masanduku yana siri yake: ubavu wake unafunguka kwa bawaba. Mtunza bustani anaweza kukata mizizi iliyojikunja na kubadili udongo bila kuung'oa mti. Kinachoiua midanzi ndani ya Oranjeri mara nyingi si baridi, ni maji mengi. Mti uliopumzika haunywi, na mizizi iliyolowa gizani huoza. Mwagilia kidogo sana, na fungua madirisha siku za jua ili ukungu usishike majani.

16. Miti tunayoiona ni ile ya Louis XIV?

Karibu hakuna. Louis XIV hakuwa na subira: aliagiza miti mikubwa ing'olewe misituni na kuletwa kwa magari ya kukokotwa, na mingi ilikufa kwa sababu mti mkubwa hupoteza mizizi yake mingi unapong'olewa. Uliokufa ulibadilishwa. Mwaka 1774 Louis XVI alianza kukata miti iliyozeeka na kupanda upya, na karne ya 19 ikapanda tena. Dhoruba ya 1990 ilionyesha kwamba kizazi hicho nacho kimechoka, na ile ya Desemba 1999 ikaangusha zaidi ya miti 10,000 katika eneo lote. Mwaloni uliopewa jina la Marie-Antoinette, malkia wa Louis XVI, wa tangu karne ya 17, ulikufa baada ya joto kali la 2003.

Ajabu ni kwamba dhoruba ilirudisha sura ya zamani. Michoro ya Le Nôtre ilidai uzio mfupi na anga kubwa, lakini miti ilipoachwa irefuke, bosketi ziligeuka giza na mistari ikafunikwa. Bustani ya namna hii inapaswa kupandwa upya takriban kila miaka mia, na kila anayetoa amri hiyo hulaaniwa na walioizoea.

17. Mboga za mfalme zilitoka wapi?

Kwenye Potager du Roi, shamba la hekta 9 lililoandaliwa kati ya 1678 na 1683 na Jean-Baptiste de La Quintinie, mwanasheria aliyeacha mahakama akashika jembe. Alipewa kinamasi. Alichimba mitaro ya kukitoa maji, akaletewa udongo kutoka kilima cha Satory, akainua vitalu na kuvigawa kwa kuta ndefu.

Kuta ndizo siri. Hukinga upepo, hunywa jua mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo mipeasi na mitini iliyofungwa juu yake huzaa mapema. Chini, alitandika samadi mbichi ya farasi: inapooza hutoa joto, na juu yake udongo na vifuniko vya kioo. Kwa njia hiyo alimpa mfalme asparaga mwezi wa Januari na stroberi mwishoni mwa Machi. Wanaoiga hushindwa kwa haraka. Samadi ikiwa bado kwenye joto kali huunguza mizizi, kwa hiyo subiri siku kadhaa mpaka mkono wako uvumilie ukiingizwa ndani.

## Maswali ya pembeni

18. Afrika imo ndani ya bustani hizi?

Imo, ingawa viongozi wa watalii hawaitaji. Makombe yanayopamba ngazi za maji za Ukumbi wa Dansi yaliletwa kutoka pwani za Afrika na Madagaska. Miongoni mwa sanamu 24 za mwaka 1674 kuna ile ya Afrika, mwanamke mwenye simba miguuni.

Na kulikuwa na tembo. Mwaka 1668 mfalme wa Ureno alimpa Louis XIV tembo kutoka Kongo. Aliwekwa kwenye nyumba ya wanyama ya Versailles, ambayo ilikuwa na banda la pembe nane katikati na viwanja vilivyotawanyika kama kipepeo cha mkono, akalishwa mkate, supu na divai. Alifariki mwaka 1681. Wataalamu walipompasua ndipo walipogundua kwamba waliyemwita dume miaka 13 yote alikuwa jike.

19. Trianon ni sehemu ya bustani hizi?

Ni sehemu ya eneo, lakini kwa roho ni bustani nyingine. Grand Trianon (1687) ilikuwa ya maua ya harufu. Maua yalikuzwa kwenye vyungu, vyungu vikafukiwa, na rangi ya bustani nzima iliweza kubadilishwa kati ya asubuhi na jioni. Tuberosi zilinukia hadi wageni wakakimbia.

Petit Trianon ni ya baadaye. Mwaka 1759 mtaalamu wa mimea Bernard de Jussieu alipanga hapo bustani iliyofuata koo (familia) za mimea, wazo lililobadili elimu ya mimea. Marie-Antoinette aliiondoa, akaweka vilima na vijito vya mtindo wa Kiingereza, halafu kijiji chake (1783–1787) kilichojengwa na Richard Mique. Tunasikitikia mkusanyiko wa Jussieu, japo mimea yake mingi ilihamishiwa Paris.

20. Zilinusurikaje Mapinduzi ya 1789?

Kwa viazi na matufaha. Palikuwa na wazo la kuligawa na kuliuza eneo lote. Mtunza bustani Antoine Richard alitetea kwamba lina faida kwa umma, na sehemu zikapandwa mboga na miti ya matunda. Kasri liligeuzwa makumbusho mwaka 1837.

21. Nifike siku gani, na nianzie wapi?

Chemchemi huchezeshwa kwa siku maalumu kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na siku hizo bustani hulipiwa. Siku nyingine huingia bure, hata Jumatatu kasri likiwa limefungwa. Ukija wakati wa baridi utakuta mabirika yamekauka na sanamu zimefunikwa maturubai. Hazijavunjika: maji yakiingia kwenye nyufa za marumaru na kuganda, hutanuka na kuipasua. Baadhi ya sanamu za nje ni nakala, na zile za asili zimewekwa ndani.

Kwa njia, Louis XIV mwenyewe aliandika mwongozo wa kuonyesha bustani, akaurekebisha mara kadhaa kati ya 1689 na 1705. Anakuanzisha kibarazani, anakusimamisha juu ya ngazi za Latona utazame, kisha anakupeleka kusini kwenye Oranjeri kabla ya kushuka kwenye bosketi. Njia hiyo bado ni nzuri kuliko ya kukimbilia mfereji.

22. Naweza kuiga chochote kwenye uwanja wa nyumba yangu?

Mhimili, ndiyo, nao haugharimu kitu: chagua dirisha moja unalokaa sana, vuta kamba kutoka katikati yake, na pande zote mbili zipangwe kuifuata. Kwa uzio, duranta au michongoma inavumilia mkasi. Panda mistari miwili kwa kupishana, sentimita 30 kati ya mche na mche, na kata uwe mpana chini kuliko juu. Ukiukata wima kabisa au mpana juu, majani ya chini hukosa jua na kukauka, na hapo mbuzi hupita.

Mrusho wa maji unawezekana pia. Tangi la lita 1,000 lililoinuliwa mita 2, na tundu la milimita 5, litatumia karibu lita 7 kwa dakika na kudumu kama saa mbili, mrusho ukishuka kadiri tangi linavyopungua. Tumia bomba la inchi moja, si nusu inchi (sababu iko swali la 12), na weka pampu ndogo ya kurudisha maji. Upana wa birika uwe angalau mara mbili ya kimo cha mrusho, la sivyo upepo utamwaga maji yote nje. Weka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, kwa sababu saa ambazo mrusho umefungwa birika lako ni bwawa tu.